Nondo mkubwa wa kijani mwenye mabaka ya waridi na meupe: ni wa aina gani, na viwavi wake wakoje?

BustaniTanga

Salaam kwenu wanajukwaa.

Naomba msaada wa kumtambua nondo mmoja mkubwa ambaye hutua kwenye kuta za nyumba yetu hapa Tanga, karibu na taa nyeupe ya barazani, hasa katika majuma yanayofuata mvua. Nimempima kwa rula bila kumgusa, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili anafika takriban sentimita 9. Mwili wake ni mnene kifuani na umechongoka kuelekea nyuma. Mabawa ya mbele ni marefu, membamba na yenye ncha kali, na akitua huyatandaza na kuyarudisha nyuma hata umbo lake lote likaonekana la pembetatu.

Nilichoshindwa kukielewa ni rangi yake. Ukimtazama kutoka mlangoni utasema ni wa kijani tu, lakini ukimsogelea utaona kwamba kijani hicho ni cha namna nyingi: kuna kilichokolea hadi kukaribia weusi, kuna kilichofifia na kuelekea kijivu, na kati yake hupita mistari ya mawimbi, mingine myeupe na mingine ya waridi, pamoja na baka moja la kahawia lenye dalili ya zambarau. Wanangu humwita mdudu wa kombati, kwa kuwa mabaka yake yanawakumbusha sare za wanajeshi, na kwa kweli sijapata maelezo yanayomfaa kuliko hayo. Mabawa ya nyuma sijayaona vizuri, kwa sababu akitulia yanafunikwa na yale ya mbele.

Ningependa kwanza kujua jina lake la kisayansi. Pili, nimewahi kumwona mwingine mwenye umbo lile lile ambaye kijani chake kilikuwa kimechujuka mno na mistari yake haionekani vizuri. Je, huyo ni spishi nyingine, ni jike, au ni yule yule aliyezeeka? Tatu, majirani wanasema unga wa mabawa yake ukiingia machoni unapofusha, nami ningependa kujua ukweli kabla sijawakataza watoto kumkaribia. Mwisho, uani tuna oleanda, asumini, mipapai michache na mzabibu mmoja uliotambaa juu ya kichanja, na ningependa kufahamu kama viwavi wa nondo huyu watatuharibia chochote kati ya hivyo.

ZabibuDodoma

Ndugu BustaniTanga, wa alaikum salaam.

Sisi tunaolima zabibu huku Dodoma tunamfahamu nondo mkubwa wa kijani, na kwa kuwa umetaja mzabibu nimeona niandike mapema. Huyo wetu anaitwa Euchloron megaera, naye ndiye spishi pekee katika jenasi yake. Anapatikana karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara, na vilevile Madagaska, Komoro na Yemen. Mwili wake na mabawa yake ya mbele ni kijani kibichi kilichokolea ambacho kimeenea kote bila kukatwa na mistari mikubwa, isipokuwa vidoa vidogo vichache. Mabawa ya nyuma ndiyo yanayomtangaza, kwa sababu ni ya manjano iliyoiva inayoelekea rangi ya chungwa, na yana weusi karibu na mwili. Akiwa ametulia huwezi kuyaona, lakini ukimgusa kidogo kwa unyasi atafungua mabawa ya mbele, na hapo manjano hiyo hujitokeza ghafla.

Viwavi wake hula majani ya mzabibu na ya mimea ya porini ya familia moja na mzabibu, hasa ile ya jenasi ya Cissus inayotambaa vichakani. Katika shamba letu hawajawahi kuwa wengi kiasi cha kutia hasara. Tunamwona kiwavi mmoja hapa na mwingine kule, tunawaokota kwa mkono na kuwahamishia vichakani.

Hata hivyo, hiyo mistari ya mawimbi uliyoieleza, myeupe na ya waridi, sijaiona kwa Euchloron. Ningeshauri umtazame tena ukizingatia mambo mawili tu: je, kijani cha mabawa ya mbele ni cha namna moja au kimegawanyika kwa mabaka, na je, mabawa ya nyuma ni ya manjano au ya rangi nyingine? Ukiyajibu hayo, shaka yote itakwisha.

MwalimuWaViumbe

Nashukuru kwa swali lililoandikwa kwa uangalifu namna hii, maana mara nyingi tunaletewa picha yenye ukungu na neno moja, «huyu?», basi.

Kwa sifa ulizozitaja, Ndugu BustaniTanga, huyo ni Daphnis nerii, wa familia ya Sphingidae, ambayo ina spishi takriban 1,450 duniani. Carl Linnaeus alimpa jina mwaka 1758, katika kitabu kile kile alimompa jina Euchloron megaera, kwa hiyo nondo hawa wawili wa kijani wamejulikana kwa wanasayansi kwa muda ule ule. Upana wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 9 na 11, jambo linaloafikiana na kipimo chako. Anaishi Afrika na kusini mwa Asia, na wakati wa kiangazi cha Ulaya baadhi yao huruka kuelekea kaskazini hadi nchi ambazo hawawezi kustahimili baridi yake. Visiwa vya Hawaii, ambako hakuwa mwenyeji, alianza kuonekana mwaka 1974.

Sasa tuje kwenye sura, ambayo ndiyo kiini cha swali. Ningependa umtazame kwa utaratibu, kuanzia pale bawa la mbele linapoungana na kifua na kwenda nje hadi nchani, badala ya kumtazama wote kwa mara moja, kwa sababu rangi zake zimepangwa kwa makusudi ya kulivunja umbo lake machoni pa ndege, na macho yetu yanadanganyika vilevile. Kwenye shina la bawa utaona baka dogo jeupe, na ndani yake pana doa la kijani kilichokolea. Kila bawa lina lake, na nondo huyu akitazamwa kutoka mbele madoa hayo mawili huonekana kama jozi ya macho. Mimi huanzia hapo daima, kwa kuwa alama hiyo haipo kwa Euchloron. Ukitoka hapo utakutana na eneo la kijani, kisha mkanda wa weupe wenye waridi unaolikata bawa kwa kupinda, kisha eneo kubwa la kijani kilichoiva ambalo ndilo linalompa rangi yake kwa mbali. Kuelekea ukingo wa nyuma wa bawa kuna lile baka la kahawia yenye zambarau ulilolitaja. Sehemu ya nje ya bawa ina mchanganyiko wa kijani na urujuani uliofifia, na karibu na ncha pana mstari mweupe mfupi unaoshuka kwa mshazari.

Kifua chake kina kijani kilichokolea kilichozungukwa na kijivu, na nyuma ya kichwa kuna mkanda wa kijivu unaofanana na kola. Tumbo ni la kijani hafifu chenye unjano kidogo, na ubavuni lina alama za mshazari zilizokolea zaidi. Mabawa ya nyuma hayana manjano hata kidogo: upande wa ndani ni kahawia ya kijivu yenye zambarau, upande wa nje ni kijani hafifu, na kati ya pande hizo mbili hupita mstari mwembamba mweupe wenye mawimbi. Kwa hiyo ushauri wa Ndugu ZabibuDodoma wa kutazama mabawa ya nyuma ni ushauri mzuri, na ndio utakaokuthibitishia.

Yupo pia wa tatu wa kijani katika ukanda wetu, Basiothia medea, lakini huyo hawezi kukuchanganya ukiwa na rula mkononi, kwa sababu upana wake ni kama nusu tu ya huyu wako. Wale wakubwa wa kijivu wenye mikanda ya waridi tumboni, ambao viwavi wao hula majani ya viazi vitamu, ni Agrius convolvuli, nao hawana kijani kabisa wakiwa nondo kamili.

Kuhusu yule aliyechujuka, jibu fupi ni kwamba amechakaa. Rangi yote ya bawa la nondo imo katika magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya utando usio na rangi, na magamba hayo hupukutika kila anapojigonga kwenye majani, kuta na taa. Anayetoka kwenye pupa leo ana kijani kilichoshiba na waridi safi. Akishakaa usiku kadhaa akihangaika kuzunguka taa, kijani hupungua, kahawia huzidi, na kingo za mabawa huwa zimechanika. Dume na jike hawatofautiani kwa mpangilio wa rangi. Jike hutambulika zaidi kwa tumbo lake nene, hasa akiwa amebeba mayai.

Unga ambao majirani wanauogopa ndio magamba hayo hayo. Haupofushi. Mtu mwenye pumu au mafua ya mzio anaweza kupiga chafya akiuvuta kwa wingi, na jicho linaweza kuwasha kama linavyowashwa na vumbi lolote, lakini hakuna sumu. Nondo mwenyewe hana mwiba wala meno; ana mrija mrefu aliouviringisha chini ya kichwa, nao hutumika kunyonya nekta tu. Waache watoto wamtazame, ila wasimshike mabawa, maana kila anaposhikwa hupoteza sehemu ya rangi yake, na rangi hiyo hairudi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mnamwona barazani. Asubuhi, au mkizima taa, mnaweza kumwona akitetemesha mabawa kwa nguvu bila kuruka. Wengi hudhani anakufa na wengine humwua kwa huruma. Ukweli ni kwamba misuli ya kifua chake haiwezi kumrusha mpaka ipate joto la kutosha, na mtetemo huo ndio unaoizalisha joto hilo. Subirini kidogo, mtamwona akiondoka.

BustaniTanga

Ndugu zangu, nawashukuru sana nyote wawili.

Nimefuata maelekezo. Nilimgusa mmoja kwa unyasi na akafungua mabawa: ya nyuma yana kahawia yenye zambarau kwa ndani, mstari mweupe wa mawimbi, kisha kijani hafifu kwa nje. Lile baka jeupe lenye doa la kijani kwenye shina la bawa la mbele lipo pande zote mbili, nami nashangaa namna ambavyo sikuliona kabla ya kuambiwa mahali pa kutazama. Basi ni Daphnis nerii bila shaka.

Baada ya hapo nilikagua mimea yote uani. Kwenye mzabibu hapana kitu, kwenye asumini hapana kitu, lakini kwenye oleanda nilikuta viwavi kadhaa, wengine wadogo wa manjano na wengine wakubwa wa kijani, wanene kama kidole na warefu zaidi yake. Mkubwa mmoja nilipoutikisa tawi aliinamisha kichwa, na papo hapo yakajitokeza juu ya shingo yake madoa mawili ya samawati yenye weupe katikati, mfano wa macho kabisa. Binti yangu alipiga kelele akidhani ni nyoka. Je, hao wa manjano na hao wa kijani ni ndugu? Mwingine, ambaye nilimwacha jioni akiwa wa kijani, nilimkuta amegeuka kahawia iliyokolea mgongoni, ameshuka chini na anatangatanga kasi juu ya mchanga. Nahofia ni mgonjwa. Naomba pia kuuliza kama ni lazima nipulize dawa, maana matawi machache yamebaki bila majani na mume wangu anadhani ni viwavijeshi.

MkaziWaMaskati

Assalaam alaikum. Nawasoma kutoka Maskati, na mada hii imenigusa kwa sababu kiwavi huyo ni mwenyeji wetu vilevile. Oleanda huku Omani si ua la bustani tu. Huota yenyewe mabondeni, kwenye changarawe za mapito ya maji ya mvua, na katika miji imepandwa kandokando ya barabara kwa kuwa inavumilia ukame. Kila penye oleanda nyingi, ukitafuta kwa subira utawakuta viwavi hawa.

Dada yangu wa Tanga, hao wa manjano na hao wa kijani ni wa baba na mama mmoja. Nondo jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga, wala halundiki mayai pamoja. Yai ni la duara, dogo, la kijani hafifu, na si rahisi kuliona. Kiwavi anayetoka huwa wa manjano yenye kung'aa, naye ana pembe nyembamba nyeusi nyuma ya mwili ambayo ni ndefu ajabu ukilinganisha na udogo wake. Kila anapojivua ngozi, kijani huongezeka na pembe hufupika. Akifika ukubwa wake wa mwisho huwa na urefu wa sentimita 7 au zaidi, kijani chororo, na ubavuni ana mstari mweupe unaokwenda hadi karibu na pembe, na pande zote za mstari huo pana vidoa vidogo vyeupe vilivyotawanyika. Pembe yenyewe sasa ni ya manjano, fupi, nene na imeinama. Wengi huku wanaiogopa wakidhani inauma, lakini ni laini na haina kazi ya kuchoma. Kiwavi huyu hana upupu wala manyoya ya kuwasha. Binti yako anaweza kumbeba mkononi bila kudhurika.

Hayo macho ya samawati uliyoyaona yako kwenye pingili ya tatu nyuma ya kichwa. Akiwa anakula kwa utulivu hujificha ndani ya mikunjo ya ngozi, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kumtazama kiwavi mmoja na kila mmoja akamweleza tofauti. Akishtuka hukiingiza kichwa chini, pingili hiyo hutanuka, na macho huonekana makubwa kuliko kichwa chenyewe.

Mimi nina swali langu kwa Mwalimu. Tunawafundisha watoto wasikate tawi la oleanda wakalitia mdomoni, na wafugaji wetu huwakinga wanyama wasiyale majani yake, kwa sababu sumu yake huathiri moyo na inaweza kuua. Inakuwaje kiwavi huyu ale majani hayo mchana na usiku na aendelee kunenepa?

PapaiKerio

Naongeza jambo moja kutoka Kenya, kwa kuwa umetaja mipapai. Tafadhali usiwaue hao nondo. Mipapai mingi ya asili ina miti dume na miti jike, na chavua haiwezi kufika kwenye mti jike bila kubebwa. Maua ya mpapai hutoa harufu yake jioni, na wanaoyajia kwa wingi ni nondo wa familia hii ya Sphingidae, ambao husimama hewani mbele ya ua na kunyonya kwa mrija bila kutua. Dino Martins, mtafiti wa wadudu wa Kenya, pamoja na mwenzake Steven Johnson, walichapisha mwaka 2009 utafiti unaoonyesha kwamba umbali wa shamba la mipapai kutoka kwenye uoto wa asili, na ubora wa uoto huo, huathiri ujio wa nondo hao. Sisi tunaouza mapapai tunaiona tofauti hiyo: penye vichaka jirani, miti jike hushika matunda vizuri zaidi.

Mkitaka kumwona Daphnis nerii akila, kaeni karibu na asumini au mpapai mara tu jua likizama. Wakati huo huwezi kuona mabaka yake, kwa sababu mabawa yanapiga kwa kasi mno. Utaona kivuli cha kijani kisichotulia na mrija uliokunjuliwa. Kwa sura, mtazame mchana akiwa amelala.

MwalimuWaViumbe

Nitaanza na swali la Maskati, kwa sababu lina jibu ambalo wengi hawalitarajii. Sumu ya oleanda hushambulia kimeng'enya kinachosukuma sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoendesha neva na misuli ya moyo. Baadhi ya wadudu wanaokula mimea ya namna hii wana kimeng'enya kilichobadilika ambacho sumu haikishiki. Ilidhaniwa Daphnis nerii naye yuko hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba sivyo: kimeng'enya chake kinashikwa na sumu hiyo barabara. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2013, ilionyesha kwamba tabaka la seli linaloizunguka neva yake kuu huzuia baadhi ya sumu hizo zisipenye, na zile zinazoweza kupenya hurudishwa nje na seli zenyewe. Kwa maneno mengine, kiwavi huishi na sumu kwa kuizuia isifike mahali inapoua.

Kwa Dada BustaniTanga: kiwavi wako si mgonjwa. Kahawia ile iliyokolea mgongoni ni dalili kwamba amemaliza kula na anatafuta mahali pa kugeuka kuwa pupa. Ndiyo maana ameshuka na anatembea kasi, na ndiyo maana rangi imebadilika: kijani kilichomficha kati ya majani kingemweka wazi juu ya mchanga. Kuna dalili nyingine zinazokwenda pamoja na hiyo. Mwili hufupika, ngozi hulegea, na kinyesi chake cha mwisho huwa na majimaji badala ya zile punje kavu mnazoziona chini ya mti. Kama kweli angekuwa ameshambuliwa na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, angekuwa amezubaa, na pengine mngeona vifukofuko vidogo vyeupe vimebandika ngozini mwake.

Si viwavijeshi hata kidogo. Viwavijeshi hushambulia mahindi na nafaka nyingine, tena kwa makundi. Hawa hula oleanda, ule mmea mdogo wa bustanini wenye maua meupe au ya waridi uitwao Catharanthus roseus, waridi la jangwani na jamaa zao. Ingawa vitabu vinataja mzabibu kuwa wakati mwingine huliwa, wewe mwenyewe umeukagua na kuukuta salama. Oleanda iliyokomaa ikipoteza majani ya matawi machache huchipua upya bila msaada. Kupuliza dawa kutawaua viwavi, na pia kutawaua nyuki na hao nondo wanaohudumia mipapai yako. Kama hutaki tawi fulani liliwe, mhamishe kiwavi kwa mkono hadi tawi lingine la oleanda hiyo hiyo, kisha unawe mikono kwa sabuni kwa sababu ya utomvu wa mti.

Ili waendelee, acheni majani makavu chini ya oleanda badala ya kufagia mpaka udongo uwe mtupu. Kiwavi hujifunika humo kwa nyuzi chache za hariri alizozisuka kwa ulegevu, na ndani yake huwa pupa ya kahawia hafifu yenye vidoa vidogo vyeusi. Ukiigeuza polepole utaona mstari mweusi katikati ya upande wa chini, pale mrija wa kunyonyea unapotengenezwa, na doa jeusi kwenye kila tundu la kupumulia ubavuni. Katika joto la pwani nondo hutoka baada ya majuma mawili hivi.

Mkitaka watoto washuhudie, wekeni pupa kwenye boksi lenye majani makavu na nyavu juu yake, pamoja na kijiti kigumu kinachosimama wima. Nondo anayetoka huwa na mabawa mafupi, laini na yaliyokunjamana, lakini mabaka yote ya kijani, waridi na meupe huwa tayari yamo, katika udogo wake. Kisha hupanda kijiti, huning'inia na kuyajaza maji ya mwili mpaka yatanuke. Asiguswe wala boksi lisitikiswe mpaka mabawa yamekauka kabisa, kwa maana bawa likikauka likiwa limekunjamana halinyooki tena.